UZI: Kumsaka mwanamke wa Marekani ya mwanzo kwenye makaratasi, tumtumie Elizabeth Tilley wa Mayflower

#1 Mpekuzi wa Nyaraka

Wakuu, salaam.

Swali hili haliishi humu: mtu analo jina la bibi wa karne ya 17 kule New England, analo na jina la mumewe, halafu anakwama hapo hapo. Baba yake nani? Mama yake nani? Kwetu pwani mwanamke hubaki binti fulani hata akiolewa mara tatu, na kaburini anakwenda na jina la babake. Waingereza waliohamia Marekani hawakuwa hivyo. Akishaolewa, karani anaandika "Elizabeth, mke wa John Howland" na kufunga daftari. Jina la baba limezama.

Mfano ninaouleta ni wa huyo huyo Elizabeth, kwa sababu kwa miaka mingi watu walimpa baba asiye wake, na kosa lenyewe lina mafunzo mengi kuliko jibu.

John Howland alivuka bahari mwaka 1620 kwa meli ya Mayflower akiwa mtumishi wa John Carver, gavana wa kwanza wa koloni la Plymouth kule New England. Carver alikufa Aprili 1621, na mkewe akamfuata baada ya muda mfupi. Wazao wa Howland wakawa wanasimuliana kwamba babu yao alimwoa binti wa gavana. Hadithi ilipendeza, ikapita kinywa hadi kinywa, ikaingia vitabuni. Hapakuwa na wa kuipinga, maana karatasi ya kuipinga ilikuwa imepotea: mswada wa William Bradford, gavana aliyefuata, uliokuwa Boston na kutoweka zama za vita vya uhuru wa Marekani. Ulikuja kuonekana mwaka 1855 katika maktaba ya askofu wa London pale Fulham, ukachapwa 1856. Ndani yake Bradford, aliyewajua wote wawili kwa sura, anaandika kwamba Howland alimwoa Elizabeth, binti wa John Tilley, kwamba wote wawili bado hai, na wana watoto 10. Mstari mmoja ukazima masimulizi ya vizazi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: masimulizi ya ukoo ni fununu ya mahali pa kuchimba. Hayajawa ushahidi mpaka yapate karatasi.

Nawakaribisha wajuzi.

#2 Karani Mstaafu

Umeanza vizuri, mkuu. Mimi niongeze utaratibu, maana wengi huanzia juu: wanamchukua mtu wa Mayflower kisha wanashuka wakitafuta njia ya kujiunga naye. Huko ni kuulazimisha mguu uenee kiatu. Anza na mtu wa mwisho mwenye cheti mkononi, upande kizazi kimoja kimoja. Kila kizazi kinataka vitu vitatu: kuzaliwa, kuolewa, kufa. Na juu ya vitatu hivyo kinataka cha nne ambacho ndicho muhimu kuliko vyote, yaani karatasi inayosema huyu ni mtoto wa yule. Watu hurundika tarehe 30 wakasahau kiungo.

Kwa Massachusetts, jimbo ambamo Plymouth imo leo, ngazi zenyewe ziko hivi. Kuanzia 1841 jimbo zima lilikuwa na usajili wa vizazi, ndoa na vifo, na kadiri miaka inavyosonga mbele ndivyo majina ya wazazi yanavyopatikana zaidi. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kutaja kila mtu huru nyumbani kwa jina. Kuanzia 1790 hadi 1840 anatajwa mkuu wa kaya tu, wengine ni vijistari kwenye safu za umri, kwa hiyo mwanamke mwenye mume haonekani kabisa. Kabla ya 1841 unategemea madaftari ya miji, na mengi yamechapwa hadi mwaka 1850.

Ukiyafungua hayo yaliyochapwa, angalia vifupisho. G.R. maana yake tarehe imetoka kwenye jiwe la kaburi, C.R. kanisani, P.R. kwenye karatasi za watu binafsi, mara nyingi Biblia ya nyumbani. Ukiona "int." pembeni ya ndoa, hilo ni tangazo la nia tu. Watu wamejaza ndoa ambazo hazikufungwa kwa sababu ya kupuuza herufi tatu.

#3 Bi. Mdadisi

Swali langu ni fupi. Kwenye tovuti za miti ya ukoo namkuta Elizabeth Tilley kila mahali, tarehe zimejaa, picha mpaka na nembo. Kuna haja gani ya kuhangaika?

#4 Mpekuzi wa Nyaraka

Dada, miti mia inayofanana ni shahidi mmoja aliyenakiliwa mara mia. Bonyeza uone imetaja nini kama chanzo. Ikitaja mti mwingine, hujapata kitu. Ikitaja daftari, nenda kwenye daftari lenyewe, usiishie kwenye faharasa, maana aliyeandaa faharasa naye alikuwa akikisia mwandiko wa karani wa miaka 350 iliyopita.

Na ile picha ni ya kubuni. Hakuna aliyemchora Elizabeth Tilley.

Kwa makaburi ni vivyo hivyo. Kama jiwe halikuwekwa na watu wa zama zake, bali na wajukuu miaka 150 au 200 baadaye, linakueleza wajukuu waliamini nini, basi. Tazama umbo la jiwe, aina ya herufi, na kama limeandikwa "limewekwa na wazao".

#5 Ng'amua

Tuzungumzie Henlow, kijiji cha Uingereza alikotoka Elizabeth, maana hapo ndipo kazi ya kitaalamu ilipofanyika.

Bradford ametupa jina la baba, hakutupa kijiji. Tilley walikuwa wengi Uingereza. Ungetafuta "Elizabeth Tilley" peke yake ungepata kadhaa, na usingekuwa na sababu ya kumchagua mmoja. Njia iliyofanya kazi ni kuacha kumtafuta mtu mmoja na kulitafuta kundi. Ndani ya Mayflower alikuwemo John Tilley na mkewe, alikuwemo Edward Tilley na mkewe, na chini ya Edward walikuwemo vijana wawili, Henry Samson na Humility Cooper, ambao Bradford anawaita "cousins" wa nyumba hiyo. Sasa tafuta parokia yenye Tilley, Samson na Cooper kwa pamoja, katika miaka inayolingana. Wakapatikana Henlow, Bedfordshire, na matokeo yakachapwa 1976.

Daftari la Henlow linasema: John Tilley alibatizwa Desemba 1571. Alimwoa Joan, mjane, tarehe 20 Septemba 1596. Elizabeth alibatizwa 30 Agosti 1607. Edward Tilley alimwoa Agnes Cooper mwaka 1614. Alipopanda meli Elizabeth alikuwa na miaka 13 tu. Baba, mama, baba mdogo Edward na mkewe, wote wanne walikufa majira ya baridi ya kwanza. Akabaki yeye katika jina la Tilley.

Angalieni: tarehe ni ya ubatizo. Haikuandikwa alizaliwa lini. Anayeandika "alizaliwa 30 Agosti 1607" ameshaharibu.

#6 Karani Mstaafu

Na hapo Henlow kuna mtego uliowanasa wengi. Joan, mama yake Elizabeth, ubini wake wa kuzaliwa ni Hurst, na kabla ya Tilley aliolewa 1593 na mtu anayeitwa Thomas Rogers. Sasa kwenye Mayflower yumo Thomas Rogers! Mtu akiona hivyo anashangilia, anaunganisha. Ni watu wawili tofauti. Huyu wa Henlow alishakufa, ndiyo maana Joan akawa mjane mwaka 1596. Yule wa melini alitoka Northamptonshire, naye akafa majira ya baridi ya kwanza Plymouth. Maiti ya kabla ya 1596 haipandi meli ya 1620.

Kwa hiyo kila ukikutana na jina linalofanana, fanya jaribio la uhai: panga mstari wa miaka, weka kila tendo lililorekodiwa, uone kama mtu mmoja angeweza kuyafanya yote.

#7 Bi. Mdadisi

Ahsante, hilo limeniingia. Lakini Ng'amua umesema Bradford kaandika "cousins". Si binamu hao? Mbona wengine wanamwita Henry Samson mpwa?

#8 Ng'amua

Swali zuri sana, na sisi wasema Kiswahili tuna nafuu hapa. Kiingereza cha karne ya 17 kilitumia maneno ya udugu kwa upana, kama sisi tunavyomwita mtu "ndugu" au "mjomba" bila ya kupima damu. Mama yake Henry Samson na Agnes Cooper, mke wa Edward, walikuwa dada. Kwa hiyo Agnes kwake ni mama mdogo au mama mkubwa, lakini kalamu imeandika "cousin". Neno hilo lilibeba mpwa, binamu na jamaa wa mbali.

Mengine ya kuchunga: "daughter-in-law" mara nyingi ni binti wa kambo, si mke wa mwana. "Mother" anaweza kuwa mama mkwe au mama wa kambo. "Mrs" haimaanishi ameolewa, ni heshima ya tabaka, hata msichana wa nyumba ya watu wakubwa aliitwa hivyo. "Junior" na "senior" hutenganisha wawili wa jina moja katika mji mmoja, pengine mtu na ami yake. Mkubwa akifa, "junior" anapanda kuwa "senior" na wewe unadhani ametokea mtu wa tatu. "Relict" ni mjane. Na "my now wife" kwenye wosia haithibitishi kwamba kulikuwa na mke wa kwanza, ni tahadhari ya kisheria tu.

#9 Kalenda Mbili

Mnasahau kalenda. Mpaka 1752 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo Januari, Februari na siku 24 za Machi zilihesabiwa mwisho wa mwaka, si mwanzo. Ndiyo maana kifo cha John Howland huandikwa 23 Februari 1672/3: kwa karani ni 1672, kwetu ni 1673.

Tazameni inavyouma. Wosia wa Elizabeth ni wa 17 Desemba 1686. Alifariki Desemba 1687 huko Swansea, mji wa huko huko New England, akiwa na miaka 80. Wosia ukathibitishwa mahakamani tarehe 10 Januari 1687. Asiyejua kalenda ataona mirathi imefunguliwa miezi 11 kabla ya marehemu kufa, aseme wapo Elizabeth wawili. Kumbe ni Januari 1687/8, wiki chache baada ya maziko.

Miezi ikiandikwa kwa namba, mwezi wa 1 ni Machi na mwezi wa 10 ni Desemba. Usiigeuze tarehe kienyeji. Nakili kama ilivyo, tafsiri yako weka pembeni.

#10 Mpekuzi wa Nyaraka

Tuusome basi wosia wenyewe, kwa sababu wosia wa mwanamke ni lulu. Mke mwenye mume hakuwa na mali ya kuusia bila ya ridhaa ya mume, hivyo walioandika wengi ni wajane. Elizabeth alikuwa mjane wa karibu miaka 15, akiishi kwa binti yake Lydia, mke wa James Brown.

Anawataja wanawe John, Joseph, Jabez na Isaac, na mabinti Lydia Brown, Elizabeth Dickinson na Hannah Bosworth. Mabinti wote watatu kwa majina ya waume! Hapo umepata ndoa tatu kwa karatasi moja. Anagawa vitabu, mashuka, foronya, godoro la manyoya, mizani. Kwa watu wa kijiji cha wakulima, kumwachia mwana kitabu cha dini kulikuwa na uzito kuliko tunavyodhani.

Sasa hesabuni. Wanne na watatu ni saba. Bradford alisema kumi. Watatu wako wapi? Desire, aliyeolewa na John Gorham, alikufa 1683. Hope, mke wa John Chipman, alikufa Januari 1683/4. Ruth, mke wa Thomas Cushman, alitangulia zamani. Marehemu hausiwi. Lakini bibi anamwachia mjukuu wake Desire Cushman kondoo wanne, na ubini wa Cushman unakupeleka moja kwa moja kwa Ruth. Kutokutajwa si kukanwa: angalia kwanza nani alikuwa amekufa, nani alishapewa fungu lake siku ya harusi.

#11 Karani Mstaafu

Na wosia huo usiutafute Plymouth, utajichosha. Wa mumewe umo katika vitabu vya wosia vya koloni la Plymouth. Lakini mwaka 1685 koloni liligawanywa wilaya tatu, Plymouth, Barnstable na Bristol, na Swansea ikaangukia Bristol. Wa mama uko kwenye kitabu cha kwanza cha mirathi cha Bristol. Kaburi lake nalo leo liko East Providence, jimbo la Rhode Island, kwa kuwa mpaka ulihama. Yeye hakuhama, mstari ndio uliohama. Kabla ya kutafuta karatasi yoyote jiulize: mwaka ule, mji ule ulikuwa chini ya nani?

#12 Shamba na Mipaka

Nyote mmekaa kwenye wosia na ubatizo. Waliokufa bila wosia je? Hao ndio wengi. Hapo nenda kwenye hati za ardhi, na usiangalie aliyenunua, angalia waliouza.

Mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe maisha yake yote. Kwa hiyo mnunuzi mwerevu alidai mke naye atie alama kwamba ameachia haki hiyo. Hati ya 1710 ina mke Mary, ya 1716 ina mke Sarah: katikati Mary amekufa, na ndoa ya pili umeipatia muda.

Hati tamu kuliko zote ni ya warithi. Shamba la baba linauzwa vipande, kila mmoja anauza "sehemu moja ya saba". Anajitokeza mwanamume wa ubini tofauti kabisa, pamoja na mkewe Hannah, wakiuza sehemu yao. Hannah ni binti. Lakini usikimbilie kusema watoto ni saba: Massachusetts, baba akifa bila wosia, mwana wa kwanza alipata mafungu mawili, na sheria hiyo ilidumu hadi 1789. Sehemu saba, watoto sita.

Hati hizi tovuti ya ukoo ya FamilySearch wameziweka bure, unahitaji akaunti tu. Nyingi hazina faharasa ya majina ya wake. Siku hizi upo utafutaji wa maandishi kamili, mashine inasoma mwandiko wa mkono. Weka ubini wa mume pamoja na neno relict au daughter, punguza wilaya na miaka, kisha soma picha yenyewe, kwani mashine huichanganya herufi s ndefu na f.

#13 Bi. Mdadisi

Na pale katikati, 1780 hadi 1850? Ndipo watu wote wananipotea. Wanaondoka Massachusetts kwenda New York na kuendelea magharibi, na huko hakuna madaftari ya miji.

#14 Shamba na Mipaka

Huko ndiko mnyororo unakokatika mara nyingi, kuliko hata kwenye Mayflower. Vizazi vitano vya kwanza vya Howland vimeshafanyiwa kazi na kuchapwa na chama cha wazao wa Mayflower, kilichoanzishwa 1897. Aliyeachwa peke yake ni wewe na kizazi cha sita, cha saba na cha nane.

Silaha yako ni pensheni za vita vya uhuru. Sheria za 1836 na 1838 ziliwaruhusu wajane wengi kudai, na mjane alitakiwa athibitishe ndoa. Asiye na cheti alileta alichonacho: wengine walichana kurasa za Biblia zenye tarehe za watoto wote wakazipeleka Washington, na zimo kwenye mafaili mpaka leo. Majirani na dada zake walikula kiapo kwamba walihudhuria harusi. Faili la mjane lina namba inayoanza na W, la askari aliyeishi S, lililokataliwa R. Msiidharau R. Wengi walikataliwa kwa kukosa ushahidi, na katika kuutafuta wakaandika maelezo marefu kuliko waliokubaliwa.

Na mwanamke akihamia kijiji kipya magharibi, chunguza majirani wa mumewe. Watu walihama kwa makundi, kaka wa mke yumo humo humo.

#15 Kalenda Mbili

Kabla hamjauliza kuhusu vinasaba: kipimo cha kawaida hakitakufikisha kwa Elizabeth. Kizazi cha 12 juu yako una nafasi 4,096, na mmoja mmoja anaweza asikuachie hata kipande cha damu yake. Ukifanana na mtu kwa kipande kidogo nanyi nyote ni wa New England, mna mababu wa pamoja kadhaa, hujui kimetoka kwa nani.

Kinachofaa ni vinasaba vya mitokondria, ambavyo mama huwapa watoto wote lakini ni mabinti tu wanaoviendeleza. Tafuta mzao wa Hope na mzao wa Lydia, kila mmoja kwa mstari wa mama tupu, binti wa binti wa binti, bila mwanamume katikati isipokuwa anayepimwa mwishoni. Pimeni mfuatano mzima. Mkilingana, mistari yote miwili imeimarika. Mkitofautiana sana, mmojawapo ana kiungo kibovu, na mnarudi kwenye makaratasi kukitafuta. Kulingana peke yake hakusemi ni lini mlipoachana, maana mitokondria hubadilika polepole mno.

#16 Bi. Mdadisi

Nimeelewa. La mwisho: ndoa yenyewe ya Elizabeth na Howland ni ya lini? Kila mti una tarehe yake.

#17 Mpekuzi wa Nyaraka

Haikuandikwa, dada. Tulichonacho ni mgawanyo wa ng'ombe wa tarehe 22 Mei 1627, watu wa Plymouth walipopangwa makundi 12 ya watu 13. Kwenye kundi la Howland wamo John, mkewe Elizabeth, John mdogo na Desire. John mdogo alizaliwa Februari 1626/7, na Desire ni mkubwa wake. Rudi nyuma kutoka kwa Desire unaangukia 1623 au 1624. Kwenye fomu yako andika "kabla ya 1625, kwa makisio" na taja ng'ombe kama chanzo. Anayekupa siku na mwezi muulize daftari gani.